Paka wako akizeeka, usimtafutie gunia

Na Mwandishi Wetu, Eldoret

JE, msomaji, kwenu paka akizeeka hufanywa nini? Aghalabu jibu ni gunia. Paka aliyelinda mahindi ya familia dhidi ya panya kwa miaka kumi na zaidi hutiwa guniani jioni, akabebwa kwa pikipiki hadi sokoni au ng'ambo ya Mto Sosiani, akaachwa huko ajitafutie. Aliyemtupa hurudi nyumbani akijisemea kwamba hakumwua. Ni kweli hakumwua. Kazi hiyo amewaachia mbwa, baridi na njaa.

Mambo haya sikuyasoma vitabuni. Niliyajua nyumbani kwa mama, mtaani Langas, kwa sababu ya paka aliyeitwa Toto.

Toto hakuwa wetu. Alikuwa wa binti wa jirani, na alikuwa na miezi miwili hivi ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka mwishoni mwa Desemba 2007. Jirani zetu walitoka usiku na kile walichoweza kubeba. Walilala katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret pamoja na maelfu ya wengine, kisha wakapanda lori kuelekea Nakuru. Hawakurudi tena kuishi hapa. Siku ya tatu mama alisikia mlio chini ya mabati ya jiko lao lililoteketea, akainama, akamtoa Toto akiwa mweusi kwa masizi. Tangu hapo neno lake likawa moja: huyu si paka wangu, ni amana. Nasi vijana tukacheka.

Madaktari wa mifugo hukadiria kwamba miaka miwili ya kwanza ya paka ni sawa na 24 ya binadamu, na kila mwaka unaofuata ni kama minne. Kwa hivyo Toto alipotimiza miaka 16, mwishoni mwa 2023, alikuwa ajuza wa miaka 80, ingawa jina lilibaki lile lile la utotoni.

Dalili zilianza polepole. Kitanda chake kilikuwa juu ya cherehani ya mama. Akaanza kuitazama cherehani kwa chini na kulia, kama mtu anayengoja matatu iliyojaa. Kisha akakonda ilhali anakula. Akawa anakunywa maji kupita kiasi, hata ya kuoshea vyombo, na kukojoa mlangoni. Mama akamgombeza kwa kukosa adabu.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Uzee wenyewe si ugonjwa, bali huja na magonjwa yake. Paka mzee anayekunywa na kukojoa sana huenda figo zake zimechoka, au ana kisukari. Anayekula sana na bado anakonda huenda tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Anayeacha kuruka huenda viungo vinamuuma, na anayeinusa nyama na kuiacha huenda meno yameoza. La mno ni kwamba paka ni bingwa wa kuficha maumivu. Halii kama mbwa. Hujikunyata pembeni, akaacha kujilamba, na manyoya yakasimama kama ufagio. Hata kukoroma kule kwa raha kusikudanganye, maana paka hukoroma pia anapoumwa.

Kwa kuwa Toto aliacha kujilamba, viroboto walimvamia. Nilikwenda mjini katika duka moja la dawa za kilimo, na muuzaji, bila kusita, akanipa dawa ya kupe ya ng'ombe nimpake. Mama aliinusa akaikataa. Sikujua siku hiyo kwamba alikuwa ameokoa maisha. Dawa nyingi za kupe na viroboto zilizotengenezewa ng'ombe na mbwa, hasa zenye permethrini, humtia paka mitetemo na kifafa hata akafa, kwani ini lake haliwezi kuivunja sumu hiyo kama ya wanyama wengine. Ndivyo ilivyo kwa Panadol pia. Tembe moja tu ya kutuliza kichwa chako yatosha kumwua paka. Tafadhali iambie jamaa yote nyumbani, hasa wale wenye huruma ya haraka.

Kumpata daktari hakukuwa rahisi. Eldoret ni nchi ya ng'ombe wa maziwa, na daktari wa mifugo hapa akipigiwa simu usiku hutarajia ndama aliyekwama, wala si paka bibi kizee. Hata hivyo wapo, na kwa sheria ya 2011 ni lazima wawe wamesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kwa hivyo usione haya kuuliza. Wetu hakucheka. Alimpapasa Toto tumboni, akamfunua kinywa, akachukua damu. Jibu likawa figo. Alisema wazi kwamba hakuna tiba ya kuzirudisha, ila miezi iliyobaki inaweza kuwa ya nafuu.

Nafuu yenyewe ilikuwa kazi ndogo ndogo za kila siku. Maji safi yaliwekwa vyumba viwili ili asitembee mbali. Chakula kilikuwa laini, kidogo kidogo mara nne kwa siku, tena kilichopashwa moto kiasi, kwa maana pua ya paka mzee imefifia na chakula baridi hakimwiti. Tulimpa kuku aliyechemshwa na samaki bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu huharibu damu ya paka, na mchuzi wetu wa kawaida umejaa kitunguu. Maziwa ya ng'ombe, ambayo sote tuliamini ndiyo chakula cha paka, huwaharisha wengi wakishakua. Ugali pekee nao hautoshi. Paka ni mla nyama kwa maumbile.

Tena kuna baridi. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na usiku wa Julai si wa kuchezea. Mama alimwekea katoni yenye sweta kuukuu na chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kitambaa. Jiko la makaa aliliweka nje, maana moshi wake katika chumba kilichofungwa huua paka na watu pamoja. Mimi nilikata ukingo wa beseni la plastiki, nikatia mchanga, na Toto akaacha kukojoa mlangoni. Kumbe adabu alikuwa nayo siku zote, ila ukingo ulikuwa juu.

Ilibaki swali gumu. Daktari alimshauri mama aweke alama kwenye kalenda: siku njema na siku mbaya. Siku njema ni ile paka aliyokula, akajilamba walau uso, akaja kuketi na watu. Siku mbaya zikizidi njema, usingoje zaidi. Vilevile paka asiyekula kabisa kwa siku mbili tatu huanza kuharibika ini, na hapo mateso huongezeka upesi.

Kufikia katikati ya Julai 2024 misalaba ilikuwa imejaa kalenda. Kaka yangu akataja gunia. Mama hakumjibu. Kilichomsumbua kilikuwa kingine: je, amana ya mtu unaweza kuitoa uhai bila kumwuliza mwenyewe? Basi tukaitafuta nambari ya yule binti kupitia watu wa kanisani. Sasa ni mama wa watoto wawili, Nakuru. Alinyamaza kwa muda mrefu kwenye simu, kisha akauliza kama ncha ya mkia ingali nyeupe. Mama akamwambia ingali. Akasema, "Basi mama, asiteseke."

Daktari alikuja Jumamosi asubuhi. Kwa wanaoogopa, jambo lenyewe li hivi: ni dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, hudungwa kwenye mshipa, paka husinzia, na moyo husimama baada ya dakika chache. Macho huweza kubaki wazi. Watoto waambiwe mapema. Toto alikuwa mapajani mwa mama, juu ya kanga. Nauli ya daktari ilituchukua fedha nyingi kuliko sindano yenyewe.

Alituonya tuchimbe shimo refu, kwani dawa hubaki mwilini na mbwa akiufukua mzoga huweza kufa. Mama alichagua mahali mwenyewe, upande wa pili wa ua, pale lilipokuwa jiko la jirani. Siku hizi kiwanja kile kina nyumba za kupanga. Mwenye nyumba alitutazama kidogo, akaingia ndani, akatuletea jembe.