Injini Mpya Zichafuliwazo kwa Makusudi

Wako watu walipao fedha ili kitu chao kipya kichafuliwe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mafundi wa Japani waliunda mifano ya injini za garimoshi kwa shaba ya manjano, ikauzwa Marekani, mingi bila rangi. Mingi ni midogo mara 87 kuliko injini za kweli. Fundi wa rangi huosha mafuta yote, kisha hupulizia rangi iliyozimuliwa. Ikiwa nzito, vichwa vya ribiti hufunikwa na thamani hupungua. Halafu hutia masizi penye dohani, vumbi magurudumuni, na madoa meupe ya chumvi ya maji ubavuni. Lakini kwanza huchungua picha ya injini yenyewe, kwa maana uchafu usioletwa na kazi ni uongo.