Kuchagua Huduma ya Video Nyumbani

YouTube, iliyoanzishwa mwaka 2005, hutazamwa bure lakini huleta matangazo usiyoyachagua. Netflix, iliyoanza kuonyesha filamu kwa intaneti mwaka 2007, hulipiwa kila mwezi. Kabla ya kuchagua, kaeni na wazazi mjiulize mambo matatu. Kwanza, bando: kwenye Netflix saa moja ya picha za HD huweza kula hadi GB 3, basi punguzeni ubora wa picha. Pili, ulinzi: je, kuna sehemu ya watoto na namba ya siri? Tatu, wakati: video inayofuata hujianzisha yenyewe, adhana ikakukuta bado umekaa. Zima mpangilio huo. Jicho ni amana, nasi tutaulizwa. Wallahu aalam.