MBWA ANAKULA SANA LAKINI ANAKONDA: TUIJUE KONGOSHO



Ukurasa wetu huu kwa kawaida huzungumzia afya ya watu. Mwezi huu tunatoka kidogo uani, kwa sababu afya ya mnyama wa nyumbani na afya ya watoto wanaocheza naye haziachani mbali. Familia moja ya Kurui, Wilaya ya Kisarawe, imetuuliza juu ya mbwa wao mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu. Anakula kuliko mbwa wote wa jirani, amekwisha kupewa dawa ya minyoo mara mbili, lakini mbavu zake zinahesabika. Sasa daktari wa mifugo amewaambia kwamba kongosho ya mbwa huyo haifanyi kazi yake ya kumeng'enya chakula. Wanauliza mambo matatu: Je, ugonjwa huu una dawa? Je, unaweza kuambukiza watoto? Na je, wamtunze mbwa huyo au wamwondoe?

Tunajibu kwa kifupi kwanza. Ugonjwa wenyewe hauambukizi mtu wala mbwa mwingine. Hauponi kabisa, lakini mbwa wengi wakitunzwa vizuri hurudisha mwili na kufanya kazi yao ya ulinzi. Swali la tatu linahitaji maelezo, nasi tutalifikia.

Kongosho ni nini?

Kongosho ni kiungo laini kilicho karibu na tumbo, mahali utumbo mwembamba unapoanzia. Binadamu anayo, ng'ombe anayo, mbuzi anayo na mbwa anayo. Ina kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kutoa insulini, ambayo huratibu sukari katika damu. Ya pili ni kumimina ndani ya utumbo maji yenye vimeng'enya, yaani vitu vinavyovunjavunja mafuta, protini na wanga ili mwili uweze kuvifyonza.

Inafaa kukumbuka kwamba elimu hii tumeipata kwa sehemu kubwa kupitia mbwa. Mwaka 1889, mjini Strasbourg, madaktari Joseph von Mering na Oskar Minkowski walimwondolea mbwa kongosho, naye akapata ugonjwa wa kisukari. Mwaka 1921, mjini Toronto, Frederick Banting na Charles Best walitumia mbwa katika kazi iliyowafikisha kwenye insulini, na mwaka uliofuata mgonjwa wa kwanza wa kisukari akatibiwa kwa dawa hiyo. Kila mgonjwa wa kisukari parokiani kwetu anayechoma sindano ya insulini ana deni dogo kwa mbwa wale.

Ugonjwa wenyewe

Katika ugonjwa tunaouzungumzia, sehemu ya kongosho inayotengeneza vimeng'enya husinyaa na kufa polepole. Dalili huonekana wakati sehemu kubwa sana, kama tisa ya kumi, imekwisha kupotea. Ndiyo maana familia huona kama ugonjwa umeanza ghafla, kumbe umeanza zamani. Mara nyingi hujitokeza mbwa akiwa bado kijana, kati ya mwaka mmoja na minne. Wanaopatwa zaidi ni mbwa wachungaji wa Kijerumani, wale wenye masikio yaliyosimama wanaotumiwa na polisi, pamoja na machotara wao. Kwao ugonjwa hufuata ukoo. Hata hivyo mbwa wa aina yoyote anaweza kuupata.

Dalili zake ni hizi:

1. Njaa isiyoshibika. Mbwa hula mpaka uchafu, udongo na hata kinyesi chake mwenyewe.
2. Kukonda ingawa anakula sana.
3. Kinyesi kingi, laini, cha rangi ya kijivu au manjano, chenye mafuta na harufu kali.
4. Tumbo kunguruma na kujaa gesi.
5. Manyoya kukauka na kupoteza mng'ao.

Mbwa wa namna hii huiba mayai, hupindua sufuria na hupigwa kila siku kwa sababu ya ulafi. Wengine husema amerogwa. Ndugu wasomaji, mbwa huyu si mwizi wala hakurogwa. Chakula kinapita ndani yake kama maji katika mtungi uliotoboka, naye anakufa njaa huku tumbo limejaa.

Uchunguzi

Si kila mbwa aliyekonda ana ugonjwa wa kongosho. Katika Mkoa wetu wa Pwani minyoo, magonjwa yaletwayo na kupe, na nagana iletwayo na mbung'o hukondesha mbwa vilevile. Kwa hiyo daktari huanza kwa kupima kinyesi na damu. Kipimo cha kuthibitisha ugonjwa wa kongosho ni cha damu, na mbwa hufungishwa chakula kwa saa kadhaa kabla ya kutolewa damu hiyo. Si kila maabara ina kipimo hiki. Anzeni kwa afisa mifugo wa kata, naye atawaelekeza kwa daktari wa mifugo wa wilaya. Kwa matatizo makubwa ipo pia hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Matunzo: kurudisha kile kilichopungua

Kwa kuwa kongosho ya mbwa haitoi vimeng'enya, inabidi avipate pamoja na chakula, kila mlo, maisha yake yote. Zipo njia mbili.

Njia ya kwanza ni unga wa vimeng'enya utokao katika duka la dawa kwa maelekezo ya daktari. Ni mzuri, lakini bei yake si ya kila mfuko.

Njia ya pili ni kongosho mbichi ya ng'ombe au mbuzi. Mwombeni mchinjaji siku ya kuchinja. Ikiwa hajui jina, mwelezeni: ni nyama laini ya rangi ya waridi iliyopauka, yenye vinundu vinundu, imelala kando ya utumbo unapotoka tumboni. Msiichanganye na bandama, ambayo ni nyekundu iliyokolea, wala na mafuta ya utumbo. Kwa mbwa mwenye uzito wa kilo 20, kiasi cha kuanzia ni gramu 90 hadi 120 kwa kila mlo, ikiwa imekatwakatwa vipande vidogo sana. Mbwa akishanenepa, daktari anaweza kuwaelekeza kupunguza kidogo kidogo mpaka kiasi kile kidogo kinachotosha.

Zingatieni sana jambo hili: kongosho isipikwe. Moto huua vimeng'enya, na kongosho iliyochemshwa ni nyama tu kama nyama nyingine. Hata ugali wa moto huiharibu. Acheni chakula kipoe kabisa ndipo mchanganye.

Kongosho mbichi huoza upesi. Asiye na jokofu anunue ile ya kutumia siku hiyo, au aombe nafasi kwa mwenye jokofu la kugandisha. Ifungwe katika vifurushi vya mlo mmoja mmoja. Ikigandishwa vizuri hukaa miezi kadhaa bila kupoteza nguvu.

Chakula cha kila siku

Mlisheni mara mbili au tatu kwa siku, kidogo kidogo, kwa saa zilezile. Ugali wa sembe au wali laini pamoja na dagaa waliochemshwa, au nyama isiyo na mafuta mengi, vinafaa. Acheni pumba na machicha ya nazi, kwa sababu makapi yake humpa taabu mbwa ambaye tayari hameng'enyi vizuri. Mafuta kidogo hayakatazwi, ila msimpe mabonge ya mafuta kwa kudhani yatamnenepesha haraka. Zuieni pia asizurure majalalani, kwa maana chakula alichokiokota bila vimeng'enya humrudisha nyuma.

Mbwa wengi wenye ugonjwa huu hupungukiwa vitamini B12. Kama wiki zinapita naye hanenepi ingawa anapewa kongosho ipasavyo, mwulizeni daktari juu ya sindano za vitamini hiyo. Wakati mwingine bakteria nao huzidi katika utumbo, na daktari huamua kama dawa inahitajika. Msinunue vidonge vya kuua bakteria dukani kwa kubahatisha.

Kinyesi huanza kuwa kigumu ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Mwili huchukua wiki nyingi zaidi. Kwa kufuatilia bila mizani, mpimeni kifua kwa kamba kila Jumapili, mkifunga fundo mahali inapofika. Fundo likisogea mbele, mbwa ananenepa. Akianza kunywa maji mengi na kukojoa mno, rudini kwa daktari, kwani huenda sukari nayo imeharibika.

Mbwa huyu asizalishwe. Kwa kuwa ugonjwa unaweza kufuata ukoo, ni afadhali ahasiwe.

Tahadhari kwa afya ya familia

Hapa ndipo watoto wetu wanapoingia. Kumpa mbwa kongosho si ruhusa ya kumpa matumbo yote mabichi. Ini na mapafu ya mbuzi, kondoo na ng'ombe huweza kuwa na vifuko vya maji vyenye mbegu za tegu mdogo wa mbwa. Mbwa akila vifuko hivyo hupata tegu, mayai hutoka na kinyesi, na mtoto akiyameza huota uvimbe wa maji katika ini au mapafu, ambao mara nyingi huhitaji upasuaji. Ugonjwa huu umejulikana kwa miaka mingi kwa wafugaji wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, na kwa Wamasai wa nchi yetu. Basi chukueni kongosho peke yake, kutoka kwa mnyama aliyekaguliwa, na kitu chochote chenye kifuko cha maji kizikwe au kichomwe.

Tengeni kisu, ubao na bakuli la mbwa. Mtu mzima ndiye aandae, anawe kwa sabuni. Kinyesi kizikwe. Dawa ya minyoo itolewe kwa ratiba ya daktari, na chanjo ya kichaa cha mbwa isikose. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Neno moja kwa watu wazima: binadamu naye huweza kuharibikiwa kongosho, na pombe ya kupindukia ni mojawapo ya sababu kubwa. Anayekonda, anayeumwa tumbo la juu na kupata choo chenye mafuta aende hospitali. Asijaribu kula kongosho mbichi.

Tumtunze au tumwondoe?

Kitabu cha Tobiti kinatuonyesha kijana Tobia akisafiri na malaika Rafaeli, na mbwa akiwafuata. Mithali 12:10 inasema juu ya mwenye haki anayejali uhai wa mnyama wake. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, inafundisha pande mbili: si halali kumtesa mnyama bila sababu, na pia haifai kutumia kwa wanyama fedha ambazo kwanza zingeondoa taabu ya watu.

Tulipime kwa mizani hiyo. Mbwa wa Kurui halindi nyumba tu. Hufukuza ngedere na nguruwe mwitu katika shamba la mihogo, na mihogo ndiyo chakula cha watoto. Ikiwa kongosho inapatikana kwa mchinjaji kwa bei ndogo, na yupo mtu nyumbani wa kuiandaa kila siku, kumtunza ni haki na ni faida. Ikiwa gharama inakula ada ya shule au dawa ya mgonjwa, familia isijione ina dhambi kwa kukubali kwamba haiwezi. Watafute kwanza mtu mwenye uwezo wa kumchukua. Wakikosa, na mbwa anateseka, daktari wa mifugo anaweza kumpumzisha bila maumivu. Kumtupa porini, kumnyima chakula au kumtegea sumu ni ukatili, na sumu ile huweza kuokotwa na mtoto.

Uamuzi huo ufanywe na baba na mama wakiwa pamoja, baada ya kumwuliza daktari bei ya kila kitu na kujaribu matunzo haya kwa wiki kadhaa. Watoto waelezwe ukweli. Mtoto anayejifunza kumhurumia mnyama aliye dhaifu atajua pia kumhudumia bibi yake akiugua.

Tunawatakia afya njema ninyi na mifugo yenu.