Kabla hamjaingia porini kuchuma uyoga

Mvua zinaponyesha Tabora, Katavi, Iringa na Ruvuma, kati ya Novemba na Aprili, misitu ya miombo hujaa uyoga. Wenyeji huingia porini asubuhi na mapema, na wageni wa mjini huomba kufuatana nao. Ni kitoweo kitamu, na ni matembezi mazuri kwa familia. Lakini uyoga mmoja wenye sumu ukiingia kikapuni, unaweza kuua mtu.

Kwanza, nendeni na mtu anayeujua uyoga wa msitu huo huo. Ujuzi wa nyumbani haufai kila mahali. Mwaka 2015 nchini Ujerumani, wakimbizi kadhaa walilazwa baada ya kula uyoga wenye sumu waliodhani ni ule waliouzoea kwao.

Mkiwa porini, ng'oeni uyoga mzima pamoja na shina lake la chini. Baadhi ya uyoga hatari wa jamii ya Amanita una kifuko chini ya shina, na ukikatwa juu alama hiyo hubaki ardhini. Kwa kuwa jamii hiyo hiyo ina uyoga unaoliwa miombo, kifuko peke yake hakitoshi kuamua. Mwenyeji ndiye aseme. Uyoga mchanga ambao haujafunguka uacheni, maana hufanana mno. Tumieni kikapu, si mfuko wa plastiki unaouozesha haraka. Watoto waokote kuni au maua, na wasionje chochote.

Kabla ya kurudi, mwageni vikapu vyote mbele ya kiongozi apitie mmoja mmoja. Akisita juu ya mmoja, utupwe.

Msiamini vipimo vya mtaani. Kuliwa na wadudu au konokono si ushahidi kwamba uyoga ni salama. Kitunguu saumu au kijiko cha fedha kisichobadilika rangi pia si ushahidi. Sumu kali iitwayo amatoksini haiishi kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kukaushwa.

Mzazi, shika hili zaidi ya yote: sumu hiyo haina haraka. Kutapika, kuharisha na tumbo kusokota huanza saa 6 hadi 24 baada ya kula, watu wakiwa wameshasahau chakula cha jana. Kisha mgonjwa hupata nafuu, na wengi humrudisha nyumbani kwa furaha. Nafuu hiyo ni ya uongo. Wakati huo ini linaendelea kuharibika, na siku ya pili au ya tatu macho huanza kuwa ya njano.

Kwa hiyo, mtu yeyote aliyekula uyoga wa porini akaanza kutapika, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anasema amepona. Waliokula naye chungu kimoja waende pia, wakiwemo wasioumwa. Chukueni mabaki ya chakula, au uyoga mbichi mliobakiza, na mtaje saa mliyokula. Msimtapishe kwa nguvu wala msimpe maziwa mkidhani yanaua sumu. Daktari ataweka maji mwilini na kupima ini kwa siku kadhaa.

Mkirudi na uyoga mzuri, bakizeni mmoja mbichi pembeni, pikeni uliobaki uive vizuri, na kwa mara ya kwanza kuleni kidogo.