Asiyesikia Vizuri Naye Ashiriki Mkutano wa Kijiji

Mkutano Mkuu wa Kijiji hukutanisha wakazi wenye umri wa miaka 18 na zaidi angalau mara moja kila miezi mitatu. Maamuzi yake kuhusu michango, ardhi na miradi humhusu pia mkazi asiyesikia vizuri. Akinyoosha mkono kwa sababu tu jirani yake amenyoosha, atakuwa amehesabiwa, lakini hajashiriki.

Simu janja inaweza kumsaidia. Programu ya Live Transcribe, iliyotolewa na kampuni ya Google mwaka 2019 kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Gallaudet cha Marekani, hugeuza maneno yanayosemwa kuwa maandishi papo hapo. Hupatikana bila malipo kwa simu za Android. Mtumiaji huifungua, huchagua Kiswahili miongoni mwa lugha zake, kisha husoma mazungumzo kwenye kioo cha simu. Kwa kawaida programu hiyo huhitaji intaneti, hivyo simu iwe na chaji na bando la kutosha.

Hata hivyo, simu haiandiki isichokisikia. Upepo, mlio wa pikipiki na watu kudakizana huvuruga maandishi. Kwa sababu hiyo, mwenye simu apewe nafasi ya mbele, karibu na msemaji au spika. Mwenyekiti ahakikishe kuwa anazungumza mtu mmoja kwa wakati mmoja, na kila msemaji aanze kwa kutaja jina lake ili msomaji ajue hoja ni ya nani.

Programu hiyo pia hukosea, hasa majina ya watu, ya vitongoji na tarakimu. Kiasi cha mchango na tarehe ya mwisho viandikwe ubaoni, na hoja isomwe tena taratibu kabla ya kura kupigwa. Maandishi ya simu hayachukui nafasi ya muhtasari rasmi wa kikao.

Aidha, kiziwi anayetumia Lugha ya Alama, hususan asiyejua kusoma, bado anahitaji mkalimani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki za wananchi hao. Familia zenye mhitaji zinashauriwa kumwarifu Mtendaji wa Kijiji mara tangazo la mkutano linapotolewa, ili maandalizi yafanyike mapema.