Mche wa mfenesi ni amana

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba mfenesi ni mti wa ukoo. Aliyeupanda ameshatangulia mbele ya haki, na wanaokula matunda yake ni wajukuu. Asili yake ni kusini mwa India, na hata jina "fenesi" limetujia kutoka huko.

Kwa desturi tumekuwa tukipanda kokwa. Likiwa bichi huota vyema, lakini huificha nasaba yake. Kwa kuwa ua la mti mmoja laweza kupokea chavua ya mti mwingine, mtoto halazimiki kufanana na mama. Kokwa la fenesi tamu, lenye nyama ngumu, laweza kuleta mti wa mafenesi telezi yasiyo na ladha. Nawe hutalijua hilo ila baada ya miaka mingi ya kumwagilia na kungoja.

Kubebesha huiondoa shaka hiyo. Kokwa huoteshwa katika mfuko. Mche ukisimama hukatwa kichwa, ukapasuliwa, kisha huchomekwa kikonyo kilichotoka kwenye mfenesi mzazi unaojulikana kwa utamu. Hufungwa kwa ukanda wa nailoni hadi viungane. Mche huo ukitunzwa, kwa kawaida huanza kuzaa kati ya mwaka wa tatu na wa tano, na tunda lake ni lile lile la mzazi.

Hapa ndipo penye mtihani. Utamu hauonekani siku ya kununua. Mtu hununua neno la muuzaji. Sisi tuliwahi kununua miche miwili kando ya barabara, tukaambiwa imebebeshwa. Mwaka wa saba ndipo tulipoonja tunda la kwanza: telezi, halina ladha. Fedha tuliyotoa ilikuwa kidogo, lakini miaka saba hairudishwi na mtu. Tulikumbuka jinsi Mtume Muhammad (S.A.W.) alivyotia mkono wake katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini imelowa, akamkemea mwenye mali kwa kuificha kasoro. Mche wa kokwa ukiuzwa kwa jina la mche uliobebeshwa, ni nafaka ile ile iliyolowa.

Mnunuzi naye afumbue macho. Litafute kovu la maungio kwenye shina. Uliza mti mzazi uko wapi, na ikiwezekana nenda ukauone, ulionje na tunda lake.

Shimo liwe la futi 2 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza. Mzizi mkuu usivurugwe, na maungio yabaki juu ya ardhi. Chipukizi lolote chini ya maungio likatwe, maana hilo ni la kokwa na litaumeza mti ulioununua. Epuka mahali panapotuama maji, mfenesi hauyavumilii. Baadaye kata kilele ili mti usirefuke kupita kiasi.

Usiupande ukutani wala mpakani. Fenesi moja laweza kuzidi kilo 30, na tawi likivuka ua humwelemea jirani, naye ana haki zake.

Na siku ya kulipasua, paka mafuta mikononi ili ulimbo usigande. Harufu itavuka ukuta kabla ya sahani. Jirani ameshajua, mpelekee fungu lake.