Chumvi, Sukari na Maji ya Simbi

Tulipozuru Homa Bay, mama mmoja alituuliza baada ya darsa: ikiwa chumvi na sukari zote ni nyeupe, na zote huyeyuka majini, kwa nini mtoto anayeharisha apewe zote mbili?

Jibu limo katika namna chembe zake zilivyofungamana. Katika chumvi, atomu ya sodiamu huipa klorini elektroni moja. Mtoaji hubaki na chaji chanya, mpokeaji hupata chaji hasi, nazo huvutana. Huo ndio muungano wa ayoni. Katika sukari, kaboni, hidrojeni na oksijeni hazipeani kitu, bali humiliki elektroni kwa shirika, mfano wa wabia wa mashua moja. Huo huitwa muungano wa kovalenti.

Tofauti hiyo huonekana jikoni. Sukari katika sufuria kavu huyeyuka punde, ikageuka rangi ya hudhurungi, kisha ikaungua. Chumvi hubaki vile vile, kwani haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 801 za Selsiasi. Majini mambo ni mengine: chumvi huachana ayoni kwa ayoni, ilhali molekuli ya sukari hubaki nzima.

Viko na vitu vilivyokusanya miungano yote miwili. Karibu na Kendu Bay liko ziwa Simbi Nyaima, ambalo Waluo husimulia kuwa lilikuwa kijiji, kikadidimia kwa kumnyima ajuza makaribisho. (Ukarimu una uzito kila mahali.) Maji yake yana magadi, jamii ya yale tunayotia katika kunde ziive upesi. Ndani ya magadi, kaboni na oksijeni zimeshirikiana, na sodiamu imeshikamana nazo kwa mvuto wa chaji.

Turudi kwa mama yetu. Utumbo hupokea ayoni za sodiamu pamoja na glukosi itokayo katika sukari, na maji hufuata nyuma yake. Ndiyo maana lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa hutiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari, visivyofurika. Hapo hapana kukisia, wala magadi hayashiki nafasi ya chumvi. Chumvi ikizidi huyavuta maji ya mwili, na mtoto huzidi kukauka. Pakiti za zahanati ni bora zaidi, kwa kuwa zimekwisha kupimwa.

Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Shekhe, mikebe yangu miwili inafanana, wala haina alama." Akaomba kalamu.